Mpangaji Katika Nyumba ya Tegesha

Wifi yangu Elieth aliogopa mvua kuliko wengine tunavyoogopa polisi. Wingu likianza kukusanyika upande wa ziwa, aliacha alichokuwa akifanya. Kama alikuwa anapepeta mtama, ungo aliuweka chini. Kama alikuwa kanisani, alitoka kabla ya sadaka, na wenzake wa kwaya wakanong'onezana kwamba mjane wa Machage siku hizi amekuwa bahili. Hakuwa bahili hata kidogo. Alikuwa anakimbia kwenda kutazama ukuta.

Mimi ni Modesta. Nina vyumba vya kupangisha hapa Nyamwaga, nyuma ya duka langu, na kazi hii ya umama mwenye nyumba nimeifanya muda mrefu kiasi kwamba mpangaji msumbufu namjua kwa jinsi anavyobisha hodi. Ndiyo maana watu huja kuniuliza. Kijana akishika hela kidogo, au mwalimu akipata mkopo, huyo anakuja: "Dada Modesta, nataka kuwekeza kwenye nyumba, nianzie wapi?" Wanataka niwape habari za kodi na mkataba na jinsi ya kumtoa mtu asiyelipa. Hayo nitawaambia, ni mambo ya kujifunza siku moja ukayamaliza. Kwanza nawauliza, hiyo nyumba yenyewe imesimama juu ya nini? Wananicheka. Basi nawaambia wakae, niwasimulie habari ya Elieth.

Elieth ni mtu wa Kenyamonta, kule Serengeti. Aliolewa kwetu na kaka yangu Machage kwa ng'ombe wazuri, na alikuja akiwa msichana mrefu, mchapakazi, asiyependa maneno. Analima kwa jembe la ng'ombe mistari iliyonyooka kuliko ya wanaume wengi ninaowajua. Mwaka wake wa kwanza kwetu fisi aliingia zizini, naye akamtoa kwa mwiko wa ugali huku kaka yangu yuko mlangoni anatafuta viatu. Tulimtania Machage kwa hilo mpaka akafa. Kwa hiyo ninaposema Elieth alikuwa akitetemeka, mjue simzungumzii mwanamke wa kutetemeka ovyo.

Chanzo ni tegesha. Mtu wa Tarime hahitaji kuelezwa neno hilo, lakini wageni nawaeleza. Ulipita uvumi kwamba mgodi wa dhahabu wa jirani utapanua eneo lake mpaka kwenye mlima wetu, na kila mwenye nyumba atalipwa fidia aondoke. Mtego mtu anautegesha ili unase, na watu wetu walitegesha nyumba ili zinase fidia. Mahali palipokuwa na mihogo paliota mabati. Watu walichomeka miche ya michungwa imebanana hata mbuzi hapiti katikati, maana mti nao unahesabiwa. Nyumba ilijengwa kwa siku chache, tofali bichi juu ya nyasi, udongo badala ya saruji, na plasta nyembamba upande wa nje tu, upande utakaoonekana kwenye picha ya mthamini. Choo kilichimbwa mpaka magotini. Nani angekitumia? Hakuna aliyejenga ili akae.

Kaka yangu naye alijenga yake katika mstari ule, vyumba vitatu, rangi ya bluu. Tofauti ni kwamba Machage alikuwa na majivuno. Wakati wengine wanakubali huku wakicheka kwamba nyumba zao ni za upepo, yeye alisema ya kwake ina msingi wa mawe, na kweli mawe yalionekana yamezunguka chini ya kuta zote. Nilimwamini, ni kaka yangu. Fundi aliyejenga, Hezekia, alimaliza kazi akaenda zake Geita. Uvumi ukazimika, wathamini hawakuja, na baada ya muda Machage aliugua, tukamzika. Elieth akabaki kwenye kibanda chao cha zamani bondeni, akiitazama ile nyumba ya bluu pale juu, tupu, imefungwa.

Hapo ndipo walipokuja Okello na Akech.

Okello ni fundi wa kuchomelea, Mjaluo aliyekulia upande wa Migori, na alikuwa amepata kazi kwenye karakana ya mageti hapa Nyamwaga. Mkewe Akech ni wa kwao Shirati, mwanamke wa kucheka kwa sauti, anauza dagaa na samaki wa kukaanga. Walikuwa na watoto wawili, Tonny na mdogo wake Susana. Walikuja kwanza kwangu, vyumba vyangu vilikuwa vimejaa. Wakaendelea kutafuta, wakapanda mlima, wakaiona nyumba ya bluu.

Elieth aliwaambia haipangishwi. Akech akarudi siku nyingine, akaambiwa vilevile. Mara ya tatu alikuja peke yake juani, Susana mgongoni, miguu imejaa vumbi. "Shikamoo mama. Mimi sitaki nyumba nzuri, mama. Nataka mahali pa kulaza hawa." Msimu ule viwavi walikuwa wamekula mahindi ya Elieth, na mwanawe Godwin alikuwa chuo cha ufundi Musoma, anasubiri ada. Akampa.

Aliyefurahi kuliko wote ni Wangwe. Huyu ni mtu wa ukoo wetu, mwenye nyumba inayofuata katika mstari ule na mwenye sauti kubwa kuliko wote. Kwake uvumi wa fidia haukuzimika kamwe, kila mwaka alisema wathamini wako njiani. "Shemeji, sasa umefanya jambo la maana," alimwambia Elieth. "Nyumba yenye moshi wa jikoni mthamini haiulizi maswali."

Elieth alijichekesha, akaenda nyumbani, na mvua ya kwanza ikanyesha.

Nilichokuja kujua baadaye ni hiki: yale mawe ya kaka yangu yalipangwa nje ya ukuta, yakapakwa saruji yafanane na msingi. Chini ya kuta hapakuwa na kitu. Tofali la kwanza lililazwa juu ya majani, na Elieth alijua kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akimpokeza Hezekia matofali.

Basi mvua ikianza tu, yeye alikuwa anapanda mlima. Hawezi kwenda mikono mitupu akaulizwa amefuata nini, kwa hiyo alibeba kisingizio. Leo majani ya maboga, kesho uji kwenye chupa ya chai, siku nyingine kuku wa kumwazima Akech atage mayai. Akifika anasalimia, anaingia, na huku anaongea mkono wake mmoja unapapasa ukuta. Aliniambia alikuwa akiusikia ukuta umelowa kwa ndani, na akishausikia hivyo hasikii tena Akech anasema nini. Alimwambia Akech asogeze kitanda katikati ya chumba, eti kuna mchwa. Akech akasogeza. Alimwambia watoto wasilale chumba cha nyuma, kina baridi. Akech akawahamishia sebuleni, akashukuru.

Na pale bombani Akech aliwaambia wanawake wenzake, "Nyinyi mnalia na wenye nyumba. Mimi wangu ananipenda kuliko mama mkwe." Elieth alikuwa palepale kwenye foleni na ndoo yake. Alisema nusura aiangushe.

Mvua haikuwa peke yake. Mgodini hupigwa baruti, na ikipigwa, vikombe kabatini vinagongana hata huku kwetu. Siku za baruti Elieth alisimama mlangoni pa kibanda chake bondeni, ametazama juu, hapumui mpaka aone mabati ya nyumba ya bluu bado yako pale. Akaanza kukonda. Nilimuuliza kama anaumwa, akasema ni tumbo. Nikampa dawa ya minyoo. Ndivyo nilivyokuwa nimeona mbali.

Kisha ukaja ufa. Ulianzia pembe ya dirisha ukashuka mpaka chini. Elieth aliuziba kwa udongo na jivu, akapaka rangi juu, akamwambia Akech anaipendezesha nyumba. Ufa ukarudi. Akauziba tena, ukarudi mpana zaidi, na siku moja alipofika alimkuta Susana amechuchumaa pale ukutani, anaingiza vijiti ndani ya ufa, kimoja kimoja, anaimba. Vijiti vilikuwa vinapotelea ndani. Aliniambia akili yake ilisimama. Alimnyakua yule mtoto kwa nguvu mpaka mtoto akalia, na Akech akatoka jikoni akicheka, akisema, "Mama, mwache achafuke, atanawa."

Hapo hakwenda tena bondeni. Alikuja moja kwa moja dukani kwangu, akakaa juu ya gunia la sukari, akanimwagia yote.

Sikumfariji, nawaambia ukweli. Nilipandwa na hasira. "Mke wa kaka yangu, unapangisha kaburi?" Nilisema kwa sauti, mteja mmoja akaacha mkate akaondoka. "Nenda sasa hivi ukawaambie watoke!"

"Niwaambie ni kwa nini, wifi?"

"Uwaambie nyumba haina msingi!"

Akatikisa kichwa. Mikono yake ilikuwa imekumbatiana magotini na ilikuwa inatetemeka, mikono ileile iliyomfukuza fisi. Akanieleza kwamba Wangwe alishamwona akiziba ufa. Alimfuata mpaka bondeni, akasimama nje ya kibanda bila kukaribishwa, akasema, "Shemeji, hizi nyumba zetu ni ndugu. Ukisema yako ni mbovu, umesema zote ni mbovu. Wathamini wakisikia, mstari mzima umekufa. Wewe ni mtu wa Serengeti, umeletwa hapa na ndoa, na aliyekuleta hayupo. Tutakutenga."

Kutengwa si jambo la mchezo kwetu. Hakuna anayekusalimia. Hakuna anayekupa moto wala kukuazima jembe. Ng'ombe wako akipotea, hakuna anayepiga yowe. Ukifiwa, hakuna anayekuja kuchimba kaburi, na utamzika mtu wako mwenyewe kwa mikono yako. Elieth aliliogopa hilo kuliko kifo. Mjane peke yake katika ardhi ya ukoo wa mumewe, mwanawe bado anasoma, angeliogopaje kidogo?

Lakini mimi nilishikilia palepale. "Waambie wenyewe tu, Akech na mumewe. Kwa siri."

"Akech hana siri, wifi. Unamjua. Kesho bomba zima litajua."

Akaondoka bila kunipa jibu, na alichofanya alikifanya kwa akili yake mwenyewe. Alipanda mlimani, safari hii mikono mitupu, akawaambia Okello na Akech kwamba Godwin anarudi kutoka Musoma kuja kuoa, anahitaji nyumba ya baba yake. Wahame kabla ya Jumapili.

Okello aliumia. "Mathe," alisema, ndivyo wanavyomwita mama huko Migori, "si ungetuambia mapema? Hii ni mvua, nitapeleka wapi watoto?"

"Tafuteni tu," Elieth alisema. Alijifanya mkali, kwa sababu angelegea kidogo angelia.

 Akech alimtazama tu, macho yamejaa machozi, kama mtoto aliyepigwa na mtu asiyemtarajia. Elieth aliteremka mlima akijiambia potelea mbali, anichukie, ilimradi yuko hai. Aliniambia usiku ule alilala usingizi, wa kwanza tangu masika yaanze. Nilipomsikia nikamwambia amefanya vibaya lakini amefanya. Watu wametoka.

Kwa wanaotaka kupangisha nyumba nasema hivi hapa: ukimtoa mtu nyumbani kwako bila kumwambia sababu ya kweli, hujui umemtuma wapi. Mwambie sababu hata kama inakuaibisha. Elieth hakusema, na Jumapili alipotoka kanisani akiwa mwepesi, aliinua macho mlimani akaona godoro la Akech limeanikwa kwenye ua wa Wangwe.

Wangwe alikuwa amewapokea siku ileile walipohama. Kodi ndogo kuliko ya Elieth, chumba kimoja zaidi, na moshi wa jikoni sasa unatoka kwake. Nyumba yake ilijengwa na Hezekia huyohuyo, wiki ileile, juu ya majani yaleyale, Elieth akipokeza tofali huko nako, na hata mawe ya kudanganyia haikuwa nayo.

Elieth alinipigia simu. Sikumwelewa mwanzoni, alikuwa anachanganya Kikurya na Kiswahili na kilio. Nilielewa neno "Wangwe" na neno "watoto." Nikafunga duka, nikapanda pikipiki, na tulipokuwa njiani mvua ikatukuta. Haikuwa manyunyu. Ilikuwa ile mvua ya mchana inayoshuka na mawe, njia ikawa mto, na dereva akanishusha chini ya mlima akasema hapandi ng'o. Nikapanda kwa miguu, viatu mkononi, na nawaambia nilikuwa naogopa. Nilikuwa naomba Mungu kwa sauti, mimi ambaye kanisani huwa nasinzia.

Nilipofika juu niliwaona wote kwa pamoja. Akech alikuwa amesimama mlangoni kwa Wangwe, mumewe hayupo, Susana kiunoni, Tonny amemshika gauni. Wangwe alikuwa chini ya upenu wake mwenyewe, mikono kiunoni. Majirani wa mstari ule wamejaa kwenye milango yao. Na Elieth alikuwa peke yake katikati ya mvua, kwenye pembe ya nyumba ya bluu, anachimba kwa jembe.

Mawe ya kaka yangu alikuwa ameshayang'oa, yametawanyika kwenye matope. Alikuwa analima chini ya ukuta wake mwenyewe, na jembe lilikuwa linaingia bila kizuizi. Halikugonga jiwe, halikugonga zege. Akaliacha, akapiga magoti, akaingiza mkono chini ya tofali la kwanza mpaka begani. Akautoa na ngumi ya majani meusi yaliyooza.

"Akech!" alipiga kelele. "Tazama! Haina msingi! Nilikutoa kwa sababu haina msingi!"

"Nyamaza, mwanamke!" Wangwe alifoka.

"Na hiyo uliyomo ni hii hii! Nilipokeza tofali zake mimi mwenyewe! Toa watoto!"

Wangwe akashuka uani kumfuata. Hapo miguu yangu ilinipeleka yenyewe, nikajikuta nimesimama mbele yake, mzee mzima wa ukoo wetu, na viatu vyangu mkononi nimevinyanyua. Sijui ningempiga kweli. Nadhani ningempiga. "Mura, mguse mke wa kaka yangu uone," nilimwambia, nikimwita kijana kwa Kikurya. Akasimama.

Akech bado alikuwa mlangoni. Hakuwa ameelewa, au alikuwa ameelewa na mwili umekataa kusogea. Alitazama ukuta wa pembeni yake, akamtazama Elieth, akautazama ukuta tena. Tulimwita wote wawili, mimi na Elieth. Ndipo alipotoka akikimbia, Susana anaruka kiunoni, Tonny anaburuzwa kwa mkono, akateleza, akaanguka kwenye matope na watoto wake, akaamka, akaendelea mpaka akatufikia.

Pembe ya nyumba ya bluu ilikaa chini. Sina neno zuri zaidi la kueleza. Haikupiga kishindo mwanzoni, ukuta wa chumba cha nyuma ulichuchumaa kwenye lile shimo, mabati yakalia, kisha upande wote ukalala ndani kwa mpigo mmoja. Vumbi lilitoka hata kwenye ile mvua. Tofali zilizovunjika zilijaa upande ule wote, mpaka katikati ya chumba pale kilipokuwa kitanda cha Akech.

Wa kwanza kusema ni Wangwe. "Ameichimba mwenyewe!" alisema, akituzungukia mmoja mmoja. "Mmeona wote! Ingeanguka kama asingeichimba?" Mpaka leo kuna watu wanaosema hivyo, na nyumba ya Wangwe mpaka leo imesimama, imefungwa kufuli, inasubiri wathamini.

Elieth alitengwa, kama alivyoambiwa. Haijatangazwa, lakini anapita njiani na watu wanageuza vichwa, na shambani hakuna anayekuja kumsaidia kuvuna. Nyumba hana. Godwin alikuja kutoka Musoma, akaokota mabati yaliyobaki. Mama yake anaishi kibandani bondeni, na siku nyingi anashinda dukani kwangu kwa sababu ndipo mahali pekee anaposalimiwa.

Familia ya Okello niliiweka kwangu. Nilimwomba kijana mmoja aliyekuwa anakaa peke yake ahamie kwa mwenzake, nikawapa chumba chake. Okello alilipokea jambo lile kiume, alinitengenezea geti jipya, na Elieth akipita anamsalimia vizuri. "Mathe alituokoa," ndivyo anavyowaambia watu karakanani. Akech hasemi hivyo. Akech anamwamkia Elieth shikamoo kwa sababu amelelewa, kisha anaingia ndani. Hacheki tena kwa sauti, na kabla ya kulala mwanzo alikuwa anapiga ukuta wangu kwa kiganja, chumba chote, mpaka Okello akamwomba aache.

Juzi Elieth alishindwa kuvumilia. Ilikuwa asubuhi, mvua imekatika, Akech anaosha masufuria nje ya mlango wake. Mimi nilikuwa nawaletea chai ya maziwa, maana Tonny alikuwa na homa, na nilisimama kwenye kona niliposikia wanaongea.

"Mwanangu," Elieth alisema, "nisamehe. Niliogopa."

"Ulijua lini, mama?"

Angeweza kusema alijua ulipotokea ufa. Nilimwombea aseme hivyo. "Tangu siku uliyokuja juani na mtoto mgongoni," alisema.

Akech aliendelea kusugua sufuria ileile. "Yaye," alilalama polepole kwa Kijaluo. "Mama, nyumba siiogopi tena, ilishaanguka. Lakini ulikuwa unakuja kwangu kila siku na majani ya maboga, unamshika mtoto wangu kichwa, na mimi nilikuwa nakutazama usoni na sikuona kitu. Sasa mtu akiniletea hata kikombe cha maji, ninaogopa. Nauliza huyu anajua nini ambacho mimi sijui."

 Nami nilikuwa pale kwenye kona, mwenye nyumba wake, na chupa ya chai mkononi. Niliiweka chini kimyakimya mahali atakapoiona, nikarudi dukani.